Pembe haivuti damu

Msomaji wetu wa Muyinga, Burundi, ametuuliza: mzee wao akiumwa kichwa huumikwa kwa pembe ya ng'ombe, na damu inayotoka huwa nyeusi, ya mabonge. Pembe hujuaje kuvuta damu chafu na kuiacha iliyo safi?

Pembe haichagui damu. Na la ajabu zaidi, wala haiivuti.

Historia ya kuumika ni ndefu, nitaipita mbio. Tabibu Al-Zahrawi wa Andalusia alichora vifaa vya hijama miaka elfu moja iliyopita. Baadaye Ulaya ikaunda kisanduku cha shaba chenye springi na nyembe kumi au zaidi, zinazochanja ngozi kwa mpigo mmoja. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, akiugua koo Desemba 1799, alitolewa zaidi ya lita mbili za damu kwa siku moja, akafa usiku huo. Mwaka 1835 daktari Pierre Louis wa Paris alichapisha hesabu za wagonjwa wake wa nimonia: kutoa damu kuliwafaa kidogo mno.

Lakini katika vifaa hivyo vyote, kinachonishangaza zaidi ni pembe yenye tundu dogo nchani, pamoja na donge la nta. Muumikaji huishika nta kinywani, akabandika upande mpana wa pembe kwenye ngozi na kunyonya hewa kupitia tundu. Kisha, bila kuachia midomo, huisukuma nta kwa ulimi mpaka izibe. Nta hiyo ni vali kamili. Ndani hewa imepungua, nje ipo tele, basi hewa ya nje yenyewe huikandamiza nta tunduni: kadiri alivyonyonya, ndivyo inavyokaza. Ngozi ikishavimba, pembe hubanduliwa, ngozi huchanjwa kwa wembe, na kazi hurudiwa.

Nani basi anaisukuma damu? Fikiria wazee waliozunguka mtungi wa pombe ya impeke, kila mmoja na mrija wake. Kila mmoja anaamini anaivuta pombe. Kumbe anachofanya ni kuondoa hewa mrijani tu. Hewa iliyolalia uso wa pombe mtungini ndiyo inayoikandamiza, nayo pombe hupanda palipo na upenyo. Ziba mdomo wa mtungi kabisa kuzunguka mirija, na baada ya mafunda machache pombe itagoma, hata mnywaji awe na mapafu ya mpiga ngoma. Mwili ndio mtungi, ngozi yote iliyo nje ya pembe ndiyo uso wa pombe, na michanjo ndiyo upenyo.

Nguvu hiyo tunaweza kuipima. Naiita kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo. Neno presha nawaachia wagonjwa wa moyo. Pwani ya Zanzibar hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa takriban kilo moja. Gitega, hukohuko Burundi, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ni kama gramu 860. Pembe yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 4, ikipunguzwa robo ya hewa, itakandamizwa kwa uzito wa kilo 3.2 hivi Zanzibar, na 2.7 hivi Gitega. Muumikaji wa milimani hana budi kunyonya zaidi. Mwanasayansi Torricelli alionyesha uzito wa hewa mwaka 1643. Wenye pembe hawakumsubiri.

Weusi wa damu hautokani na uchafu. Damu iliyokwama chini ya pembe huishiwa oksijeni, hivyo huwa na rangi nzito, na damu yoyote iliyotoka mshipani huganda kwa dakika chache. Kazi ya kusafisha ni ya figo, ambazo huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku. Vijiko vichache vya damu ndani ya pembe havibadilishi kitu hapo.

Wembe uwe mpya na pembe isishirikiwe, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Na kichwa kisichoacha kuuma kipelekwe hospitali.

Vikombe vya plastiki vya hijama ya siku hizi vina pampu na vali, na vali hiyo hufanya kazi ileile ya nta. Walimu wa fizikia wa Muyinga na Gitega wakifundisha kanieneo, waanze na pembe. Aliyegundua kwamba donge la nta na ulimi vinatosha kuizuia hewa alikuwa mhandisi, na wanafunzi wetu wanastahili kuambiwa hivyo darasani.