Meza ya kusude inayovuka mto

Kwenye koperative nyingi za vijijini mashini ya kukoboa mpunga ni moja tu. Chasi yake ikipasuka wakati wa mavuno, kazi imesimama: mpunga unalala kwenye magunia na akina mama wanarudi kwenye kinu. Fundi yuko mjini Kindu, tuseme Kasuku. Mashini iko ng'ambo ya Lualaba, Alunguli au mbele zaidi. Kupakia mashini nzima kwenye mtumbwi ni gharama, tena ni hatari. Afadhali fundi ndiye avuke.

Shida ni kwamba akifika anasude chini, juu ya udongo na matofali. Chasi inatoka imepinda kidogo. Kwa macho huoni, lakini puli ya mota na puli ya mashini haziangaliani tena, mkanda unaruka na kulika haraka, halafu rulema zinakufa. Ndiyo maana sisi watu wa kilimo tunajiingiza kwenye habari za meza.

Bamba la chuma la mita 1 kwa sentimita 60, unene milimita 10, lina kilo 47 kabla hujalipa miguu. Hilo libaki kwenye karakana. Ya kusafiri tunaipendelea hivi: kadri ya kornieri ya 40 kwa 4, juu yake vipande 7 vya chuma bapa cha 40 kwa 5, kila kimoja sentimita 60, na nafasi ya sentimita 12 katikati ili kibanio kipite. Miguu ni ya kornieri ileile, sentimita 80, inafungwa kwa buloni, mbili kila mguu; buloni moja itaacha mguu uchezecheze. Kornieri moja ya mita 6 inatosha kadri na miguu. Yote ni karibu kilo 20, inaingia kwenye kinga.

Miguu iwe mitatu. Minne kwenye uwanja wa kijiji itayumba tu, mitatu haiyumbi. Ila uzito uegemee upande wenye miguu miwili, la sivyo meza itapinduka.

Wakati wa kuitengeneza, shika kwanza kwa vidoto, pima pembe kwa pembe: pande zote mbili zisome sentimita 116.6. Kisha vuta nyuzi mbili zipishane katikati. Zikigusana bila kusukumana, meza imenyooka. Sude kidogo huku, kidogo kule, kwa sababu moto unavuta chuma.

Chasi ikiwa bado na rulema zake, masi ifungwe karibu kabisa na pale panaposudiwa, umeme usipite ndani ya rulema. Na makapi ya mpunga yafagiliwe mbali, chini pawekwe mchanga mkavu, si maji. Cheche inapita kwenye zile nafasi za meza, na makapi yanaweza kuungua polepole ndani kwa ndani, fundi akiwa amekwisha kuvuka kurudi Kasuku.