Mhakiki asigeuke hakimu

Neno moja la herufi nne limeniadhibu kwa zaidi ya miaka kumi. Neno lenyewe ni "ndoo". Naomba wasomaji, hasa walimu na wanafunzi wa fasihi, waniwie radhi nikikieleza kisa chake, kwa kuwa kinahusu kazi ambayo wengi wetu twaifanya bila ya kuitafakari: kazi ya kuhakiki vitabu vya wenzetu.

Mnamo mwaka wa 2013, nikiwa nimehitimu shahada ya uzamifu si muda mrefu, mhariri wa ukurasa wa vitabu aliniomba niandike maoni kuhusu riwaya ya kwanza ya mwandishi chipukizi kutoka Mombasa. Aliyataka makala kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Niliisoma riwaya hiyo usiku, nikafika katikati, nikajiona nimekwisha kuielewa. Hapo nikashika kalamu nyekundu, mfano wa mwalimu asahihishaye insha, nikaanza kuorodhesha makosa.

Miongoni mwa niliyoyaita makosa ni maneno ya bibi kizee mmoja. Bibi huyo alimwita mjukuu wake kwa kusema "ndoo", na mahali pengine akataja "ndia" na "mato". Nami nikauliza kwa kejeli: je, ajuza huyu anamwita mtoto, au anaagiza ndoo ya maji? Wasomaji walicheka. Wenzangu chuoni walinipa mkono. Nikaamini kwamba nimeitetea lugha.

Sina kisingizio cha kutojua. Kila aliyesoma isimu ya Kiswahili hufahamu kwamba Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema "ndoo" pale Kiswahili sanifu kisemapo "njoo", husema "ndia" kwa "njia", na "mato" kwa "macho". Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jambo hilo. Isitoshe, twajua kwamba usanifishaji ulikuwa uamuzi wa watu. Mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa mwaka wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930. Manufaa ya uamuzi huo hayapingiki, lakini haukukifanya Kimvita kuwa kosa. Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa gerezani na ikachapishwa mwaka wa 1973, imejaa Kimvita. Na mwaka wa 1974 ndiyo iliyoshinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Mwaka wa 2017 nilikutana na mwandishi wa riwaya ile katika warsha ya walimu huko Pwani. Alikuwa akifundisha shule ya msingi. Alinisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kitabu ulikimaliza?" Nilinyamaza. Hakunilaumu. Alinieleza kwamba makala yangu yalibandikwa kwenye ubao wa chumba cha walimu shuleni kwake, na kwa muhula mzima wenzake wakawa wakimwita kwa utani "Mama Ndoo". Muswada wake wa pili, akasema, aliutia sandukuni.

Niliporudi nyumbani niliisoma riwaya hadi ukurasa wa mwisho. Kumbe mjukuu yule alikulia Nairobi, akawa akiionea haya lugha ya bibi yake. Bibi anafariki. Miaka inapita, na katika sura ya mwisho mjukuu, sasa mama mzima, anasimama mlangoni na kumwita mwanawe. Neno linalomtoka kinywani, pasi na kulikusudia, ni "ndoo". Riwaya nzima ilijengwa juu ya neno nililolifanyia mzaha. (Nimeufichua mwisho huo kwa idhini ya mwandishi, maana kitabu hakipatikani tena madukani.)

Maneno "mhakiki" na "hakimu" husikika kama ndugu, lakini hayakuzaliwa tumbo moja. Katika Kiarabu, yalikotoka, sauti mbili tofauti zimekuja kukutana katika "k" yetu moja. "Hakiki" ni wa ukoo wa "haki" na "hakika", ilhali "hakimu" ni wa ukoo wa "hukumu" na "mahakama". Basi kuhakiki ni kuutafuta ukweli wa jambo. Mimi nilitanguliza hukumu, nikauacha ukweli katika kurasa ambazo sikuzifungua.

Je, nasema wahakiki wawe wapole hata kwa kazi mbovu? La hasha. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, washairi wa mapokeo walikataa katakata kwamba tungo zisizo na vina na mizani ni mashairi. Mjadala ulikuwa mkali na ukadumu miaka mingi. Hata hivyo, kiini chake kilikuwa swali halali: ushairi ni nini? Kila upande ulilazimika kuitetea hoja yake, na leo mwanafunzi wa shule ya upili husoma shairi la arudhi na shairi huru pia. Ukali wa hoja hujenga. Kejeli haijengi kitu, kwa sababu haimwachii mwandishi la kujibu wala msomaji la kujifunza.

Sifa za bure nazo ni dhuluma. Anayekisifu kitabu kwa kuwa mwandishi ni rafiki yake, au mwanafunzi wake, bila ya kuutaja uhusiano huo, anamhadaa mzazi atakayetoa pesa zake kukinunua. Adabu ya uhakiki haihitaji kanuni nyingi. Kisome kitabu chote. Jiulize kwanza mwandishi alikusudia nini, kabla ya kusema ameshindwa. Yatenge makosa ya mwandishi na ya mpiga chapa. Likizidi shaka, nukuu sentensi yenyewe ili msomaji apime. Na ukikosea, likubali kosa mahali palepale ulipolitangaza.

Nawaambia haya wanafunzi hasa, kwa kuwa leo kila mwenye simu ni mhakiki. Wasomaji hukutana katika makundi yao wakakipitisha kitabu kisuni kabla ya chai kupoa, na mwandishi mara nyingi yumo humo humo, kimya, akisoma.

Nilimwomba mwandishi yule radhi kwa simu, naye akasema yamekwisha. Lakini kejeli yangu ilisomwa na umma, na radhi yangu ikasikiwa na mtu mmoja. Mizani hiyo haikulingana, na ndiyo sababu ya makala haya. Nilitaka kulitaja jina lake na la riwaya yake, ili walau wasomaji waitafute. Alikataa. Nikamwomba pia aniruhusu kuusoma ule muswada ulio sandukuni, niusome wote safari hii.

Bado hajanijibu, na sina haki ya kumharakisha.