Kuruka Kuje Mwisho

Mpe mtoto wa miaka kumi mpira wa kikapu wa wakubwa, ule namba 7, umsimamishe kwenye mstari wa mtupo huru. Atauteremsha mpira hadi kiunoni, apinde mgongo, kisha ausukume kwa mikono miwili kama anayerusha gunia juu ya lori. Usipofika, makocha tunapiga kelele: "Ruka!" Kosa ni letu.

Kuruka hakukuingia kwenye mchezo huu ili kumwongezea mtu nguvu. Mwaka 1934, shambani kwao Wyoming, Marekani, kijana wa miaka 13 aitwaye Kenny Sailors alikuwa akicheza na kaka yake Bud, aliyemzidi urefu kwa mbali. Kila akitupa, anazuiwa. Ndipo akaruka, akauachia mpira akiwa hewani. Nani hasa aliyetangulia kupiga jampu shoti, watu bado wanabishana, ila Sailors aliitumia hadi akatwaa ubingwa wa vyuo vikuu mwaka 1943. Shida yake ilikuwa mikono ya kaka yake tu, si umbali.

Kinachofunga ni mwinuko wa mpira. Chukua sufuria, itazame mdomo kwa juu: duara. Inamisha macho polepole. Duara linabanwa, linakuwa kama yai. Mpira nao huikuta ringi hivyo hivyo. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira namba 7 una kama 24. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, njia iliyobaki ni sentimita 32 hivi. Ukija kwa nyuzi 30, ni 22.5, pungufu ya mpira wenyewe. Lazima ugonge chuma.

Kwa hiyo mimi huanzia hatua mbili tu kutoka kwenye ringi, kwa mpira mdogo, namba 5, na mkono mmoja. Mpira ukae kwenye vidole, kiganja kisiuguse, kiwiko kiwe chini yake. Magoti yakikunjuka, mpira unapanda nayo. Mkono wa pili ukija baadaye, nauchunga sana: kidole gumba chake hupenda kuusukuma mpira kwa siri dakika ya mwisho, ukaenda kombo.

"Kocha, hapa karibu mno, watanicheka."

"Waache, mwanangu. Wewe tazama mistari ya mpira, izunguke kurudi kwako."

Kulirekebisha shuti ukubwani ni mateso. Stephen Curry, nyota wa ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, alikuwa akitupia usawa wa kiuno hadi sekondari. Baba yake, Dell, aliyecheza NBA, akalifumua shuti lile na kulisuka upya kiangazi kizima, na Curry mwenyewe hasifu kiangazi kile.

Mtoto wangu akifunga bila kubadili umbo, anarudi nyuma hatua moja. Mpira ukianza kuteremka kiunoni, anasogea tena mbele. Siku magoti yakipata nguvu, nyayo zenyewe huanza kuachana na sakafu, wala sijamwambia aruke.