Kisimbuzi Kikishaunganishwa na Mtandao, Nani Atalipa?

Zipo nyumba nyingi mijini ambamo ungo wa setilaiti umekaa juu ya bati, na ruta ya intaneti imekaa juu ya kabati la vyombo, na vitu hivyo viwili havijapata kujuana. Baba analipia king'amuzi mwisho wa mwezi. Mama, au kijana aliyeanza kazi, analipia kifurushi cha intaneti kila wiki. Kisha siku moja fundi, au mtoto aliye kidato cha tatu, anabonyeza rimoti na kugundua kwamba ndani ya kisimbuzi pana ukurasa ulioandikwa "mtandao". Hapo ndipo swali linapozaliwa: je, tukiunganishe?

Ndugu msomaji, kukiunganisha kisimbuzi na mtandao wa nyumbani si kazi kubwa. Mtu mwenye subira aweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Lakini liko jambo moja ambalo wauzaji aghalabu hawalisemi. Siku unapokiunganisha, unakifungulia njia ya pili ya kuletea picha, na njia hiyo ya pili hulipiwa kwa namna isiyofanana hata kidogo na ile ya kwanza. Asiyelijua hilo hulijua siku kifurushi kinapokatika katikati ya juma, na hapo kila mmoja humtazama mwenziwe.

NJIA MBILI ZISIZOFANANA

Tuanze na ungo. Setilaiti zinazotuletea televisheni zimekaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilometa zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Huko juu huzunguka kwa mwendo ule ule wa dunia inavyojizungusha, na kwa hiyo kwetu sisi huonekana zimesimama mahali pamoja. Ndiyo sababu fundi akishauelekeza ungo na kukaza skrubu, hauguswi tena. Mwingereza Arthur C. Clarke aliueleza mpango huo wa mawasiliano mwaka 1945, kabla mwanadamu hajarusha chombo chochote cha kuizunguka dunia. Leo nyungo za DStv katika Afrika Mashariki huelekea nyuzi 36 mashariki, na zile za Azam huelekea nyuzi 7 mashariki.

Jambo la kulishika hapa ni kwamba setilaiti haijui kama wewe upo. Yenyewe humwaga mawimbi juu ya nchi nyingi kwa mara moja, kama mpiga mbiu anayepita mtaani. Asikilizwe na watu kumi au laki kumi, kazi yake ni ile ile. Ukishalipia mwezi wako, waweza kuiacha runinga ikisema usiku kucha na hutadaiwa hata senti ya ziada, ukiacha umeme.

Ruta ni kitu kingine. Hiyo yafanana zaidi na bomba la maji lenye mita. Mwanao akiomba filamu kupitia mtandao, filamu ile hutumwa kwa ajili ya nyumba yako peke yake, tone kwa tone, na kila tone huhesabiwa. Tena maji haya hupita kwa kwenda na kurudi: kisimbuzi kilichounganishwa chaweza pia kupeleka habari kwa wenyewe kampuni, kama vile ni vipindi gani vinatazamwa. Ungo haukuwa na uwezo huo.

Visimbuzi vyenye diski ya kuhifadhia vipindi hutumia njia zote mbili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Chukua mfano wa Explora ya DStv, iliyotoka Afrika ya Kusini mwaka 2013. Sehemu ya vipindi vya kutazama baadaye ilikuwa ikishuka kwa ungo na kujihifadhi yenyewe kwenye diski, bila intaneti yoyote. Vipindi vya nyongeza vilitaka mtandao. Kwa mtazamaji aliyeketi kochini, vyote vilikuwa katika orodha moja. Tofauti yake ilionekana kwenye kifurushi.

Na tuifanye hesabu yenyewe, maana penseli haisemi uongo. Picha safi ya aina ya HD yaweza kuhitaji megabiti 5 kwa kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, basi hizo ni megabiti 18,000. Gawa kwa 8 upate megabaiti 2,250, yaani gigabaiti mbili na robo kwa saa moja. Kampuni ya Netflix yenyewe huwaambia wateja wake wakadirie gigabaiti 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, na hadi gigabaiti 3 kwa picha ya HD.

Mfikirie sasa mfanyakazi wa kiwandani anayenunua kifurushi cha gigabaiti 10, akitegemea kimfikishe mwisho wa juma. Filamu mbili za saa mbili mbili katika picha ya HD zimekwisha kula gigabaiti 9. Gigabaiti moja iliyobaki ndiyo ya ujumbe wa kazini, ya masomo ya mtoto, na ya kupiga simu kwa shangazi aliyeko Muscat. Wala hakuna aliyeiba kitu. Watoto walibonyeza picha waliyoiona katika orodha ile ile ya kila siku.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Nyumba iliyoingiziwa waya wa faiba na kulipia mwezi mzima bila kupimiwa, na iunganishe kisimbuzi bila hofu, baada ya kusoma masharti. Maana vifurushi vingine visemwavyo havina kikomo hupunguzwa kasi mtumiaji akivuka kiasi fulani. Nyumba inayonunua kifurushi cha kupimwa, ambacho vijana hukiita bando, iunganishe pale inapohitaji na kukata baada ya haja. Kama mipangilio ya kisimbuzi ina mahali pa kuzuia kupakua vitu chenyewe, au pa kuchagua picha ya kawaida badala ya HD, anzia hapo kabla ya kumwita yeyote aje atazame.

WAYA AU HEWA?

Geuza kisimbuzi utazame mgongo wake. Mara nyingi utaona tundu la pembe nne, linalofanana na tundu la simu ya mezani ya zamani ila ni pana zaidi. Hilo ni la waya wa mtandao. Ikiwa ruta iko chumba kile kile, usihangaike na jambo lingine: nunua waya, chomeka upande huu na upande ule, basi. Waya wa kawaida wa aina hiyo hufanya kazi hadi mita 100, haujali ukuta, wala hauulizi neno la siri. Najua waya katikati ya sebule haupendezi. Lakini picha inayokatika kila dakika kumi haipendezi zaidi.

Wazee wetu waliuita upelekaji wa habari bila waya "simu ya upepo", na kwa kweli waifai si kitu kingine ila simu ya upepo ya masafa mafupi. Visimbuzi vingine vina uwezo huo ndani yake, mathalani Explora Ultra iliyotoka mwaka 2020. Vingine huhitaji kijiti kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Hapa pana mtego. Si kila kijiti kinafahamika na kila kisimbuzi, kwani kisimbuzi hutambua moyo wa kijiti, si jina lililochapishwa juu ya boksi. Visimbuzi vingi vya chaneli za bure huelewana na vijiti vyenye moyo uitwao RT5370. Ukienda dukani, beba kisimbuzi chako, omba kijaribiwe mbele ya macho yako, ndipo utoe fedha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ingia kwenye menyu, kisha mipangilio, kisha mtandao. Kiamuru kisimbuzi kitafute mitandao iliyo karibu. Chagua jina la mtandao wenu, andika neno la siri ukizingatia herufi kubwa na ndogo, kisha thibitisha. Kuandika kwa rimoti kwachosha; mpe kijana mwenye macho makali, wewe umsomee. Kikikubali, ruta hukipa kisimbuzi anwani yake ya tarakimu. Nyumbani anwani hiyo aghalabu huanza na 192.168. Ukiona imeanza na 169.254, ujue kisimbuzi hakikupewa anwani na ruta, kimejipachikia chenyewe. Zima vyote viwili, washa ruta kwanza, ingojee dakika mbili, ndipo uwashe kisimbuzi.

Na kama jina la mtandao wenu halionekani kabisa katika orodha, ilhali simu zenu zinalipata? Ruta nyingi za siku hizi hupeleka mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Visimbuzi na vijiti vingi vya bei nafuu husikia ya 2.4 peke yake. Fungua mipangilio ya ruta uhakikishe kwamba hayo hayajazimwa. Hutapoteza kitu, maana ndiyo yanayovumilia kuta zaidi. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa, lakini huchoka upesi yakikutana na tofali.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu lawama nyingi zinazotupiwa kampuni za intaneti ni za mahali ilipowekwa ruta. Nyumba zetu ni za matofali ya saruji, madirisha yana nondo, na milango mingine ni ya chuma. Mawimbi haya hufifia yanapopita kwenye zege, na yakikuta bati au chuma hurudishwa. Tangi la maji humeza, jokofu hukinga, hata kioo kikubwa cha kabati la nguo huleta shida. Halafu mtu anaichukua ruta anaificha nyuma ya runinga, au ndani ya kabati lenye kufuli kwa kuogopa watoto, na kulalamika kwamba intaneti ni mbovu! Iweke juu, mahali pa wazi. Katika nyumba ya vyumba sita vilivyotazamana, mahali pake ni katikati ya ukumbi, juu ya kimo cha mtu. Mitaa yenye nyumba zilizobanana ina taabu nyingine, kwamba ruta za majirani hupigiana kelele katika masafa yale yale. Katika mawimbi ya 2.4, njia namba 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Jaribu moja baada ya nyingine hasa saa za jioni, wakati kila nyumba imewasha.

Masika nayo yana habari yake. Mawimbi yashukayo kwa ungo hudhoofishwa na mvua kubwa, na sote tumewahi kuona picha ikivunjika vipande vipande mpira ukiwa dakika za mwisho. Mtandao, hasa wa faiba, huweza kuendelea mvua ikinyesha. Kama kampuni yako inaruhusu kutazama chaneli zile zile kwa intaneti bila malipo mengine, hapo njia ya pili huistahili gharama yake.

WAPANGAJI, WATOTO NA "SEVA"

Katika nyumba ya kupanga, wapangaji wawili watatu huchangia ruta moja. Ni jambo jema. Ila wakubaliane tangu mwanzo juu ya kisimbuzi, maana kimoja kinachovuta filamu ya HD huweza kuwanyima wengine hata kutuma barua kazini. Ruta nyingi hutoa uwezo wa kuweka mtandao wa wageni, wenye neno lake la siri, na baadhi huweza kuwekea kila chombo kipimo chake. Badilisheni neno la siri lililokuja na ruta, na mchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani uitwao WEP ulikwisha vunjwa tangu mwaka 2001. Kuhusu watoto, kisimbuzi kilichounganishwa huleta vitu ambavyo ungo haukuvileta. Weka namba ya siri ya wazazi, na isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto.

Liko pia lile linalonong'onwa madukani: kisimbuzi cha bei poa, kikiunganishwa na mtandao na kulipiwa kidogo kwa mwaka, kinafungua chaneli zote za kulipia. Wauzaji huita "seva". Huo ni wizi wa kazi za watu, na Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Tena mnunuzi hana pa kushitaki chaneli zikizimika juma la pili, naye amekwisha ingiza ndani ya nyumba yake chombo kinachozungumza usiku na mchana na mtu asiyemjua.

Mwisho ni radi. Waya wa shaba unaotoka kwenye ungo hadi kisimbuzini, na mwingine kutoka kisimbuzini hadi kwenye ruta, hufanya mnyororo mmoja. Radi ikipiga karibu, umeme hupata njia ya kutembelea vyote. Anayetumia waifai amekata kiungo kimoja cha mnyororo huo, ingawa waya za umeme ukutani bado zipo. Ngurumo zikikaribia, usingoje. Chomoa umeme, chomoa na waya wa ungo. Na siku utakapokiuza kisimbuzi au kumpa ndugu yako, kirudishe kwanza katika hali ya kiwandani kupitia menyu ya mipangilio, maana neno la siri la nyumba yako bado limo ndani yake.