Sauti Inayosomwa kwa Macho

Mwaka 1857, mchapaji wa Paris, Édouard-Léon Scott de Martinville, alipata hataza ya chombo cha kuandika sauti. Sauti ilitikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa unywele mgumu wa nguruwe, nao ukachora mstari kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Hakukusudia mstari ule usikilizwe, alitaka usomwe. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliutia mchoro wake wa 1860 kwenye kompyuta, na wimbo ukasikika.

Mstari wa namna hiyo ndio unaoonekana chini ya picha unapohariri video ya harusi. Kushoto kwenda kulia ni muda. Kimo ni nguvu ya mtikisiko wa hewa. Kimya ni mstari mwembamba. Kofi ni mwiba mmoja wa ghafla, ndiyo maana watengeneza filamu hugonga kibao mbele ya kamera: mwiba huo huwaonyesha mahali pa kuoanisha sauti na picha.

Pembeni kuna kipimo cha desibeli chenye namba hasi. Sifuri ndiyo dari, kiwango cha juu kabisa ambacho faili la kawaida la sauti huweza kuhifadhi. Ukishuka desibeli 6, kimo cha wimbi hubaki karibu nusu. Ukishuka 20, hubaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo wimbi linaloonekana dogo bado lina maneno, na huweza kupandishwa, ingawa makelele ya chinichini hupanda nalo.

Hatari kubwa iko darini. Sauti ikizidi wakati wa kurekodi, vilele vya wimbi hukatwa vikabaki bapa, na spika hukwaruza. Ukipunguza sauti baadaye, unashusha wimbi lilelile lililokatwa. Umbo lake halirudi. Programu za kurekebisha hukisia tu kilichopotea.

Hata hivyo, kimo si kila kitu. Sikio letu ni jepesi zaidi kwa sauti za kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, hivyo besi yenye wimbi la kimo kikubwa huweza kusikika hafifu kuliko kilio cha mtoto chenye wimbi la kimo kidogo. Tazama, kisha sikiliza.

Kabla ya sherehe, mwombe mshereheshaji aseme kwa sauti yake kubwa kabisa, urekebishe maikrofoni hadi vilele viishie karibu na hasi 12. Wosia wa bibi kwa maharusi hutolewa mara moja tu. Unastahili kuachiwa nafasi.