Kabla Hujaipandisha Sauti ya Bibi

Wengi wenu mnatusikiliza garini, kwenye barabara ya 59 kutoka Sugar Land kuelekea Houston. Tairi zinanguruma, kiyoyozi kinapuliza, lori linapita pembeni. Mzee akishusha sauti kidogo tu, neno limepotea. Akicheka, unakimbilia kupunguza. Leo tuongelee pengo hilo kati ya sauti ya chini na ya juu, manake wengi mmeanza kuwarekodi wazee nyumbani, na ni jambo jema sana.

Zana ni mbili. Kompresa hubana sauti kubwa. Unaipa kizingiti, tuseme desibeli -20, na uwiano, tuseme 3 kwa 1. Sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 12 itatoka imevuka kwa 4 tu. Vilele vikishashuka, unaweza kupandisha rekodi nzima, na maneno ya chini yakasikika hata garini. Apple inapendekeza podikasti ziwe karibu na LUFS -16, vilele visizidi desibeli -1. Kufika hapo na mazungumzo ya sebuleni bila kompresa ni kazi kwelikweli.

Shida ni kwamba ukipandisha yote, unapandisha na friji, feni na kiyoyozi. Na Texas hii, mwezi wa Agosti, nani atazima kiyoyozi saa nzima? Ndiyo maana watu hukimbilia ekspanda. Yenyewe hushughulika na kilicho chini ya kizingiti na kukizidisha kushuka. Kwa uwiano wa 1 kwa 2, kilichokuwa desibeli 5 chini kinakuwa 10 chini. Ukiikaza mpaka mwisho inageuka geti: inafunga kabisa.

Sasa, Kiswahili kina shida yake na geti. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo irabu ya mwisho mara nyingi hutoka laini, hasa kwa mzee aliyechoka. Lakini irabu hiyohiyo inabeba maana. "Hupenda" ni mtu mwenye kawaida ya kupenda. "Hupendi" ni wewe, tena hutaki. "Hula" na "huli" vivyo hivyo. Geti likifunga mapema, limekata sarufi. Mama yako atajaza pengo mwenyewe. Sisi tuliokulia huku, tunaokisia nusu ya maneno tayari, tunabaki hewani.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi. Ekspanda kwanza, kompresa baadaye, kwa sababu kompresa ikitangulia inapunguza tofauti kati ya sauti ya mtu na kelele, na ekspanda inashindwa kuzitenganisha. Ekspanda naiweka ya upole, 1 kwa 1.5, ishushe desibeli 6 hivi tu, na ifunge polepole, kama milisekunde 250. Kompresa haizidi 3 kwa 1. Kisha nasikiliza miisho ya maneno kwa masikio, si kwa kuangalia mchoro kwenye skrini. Rekodi ya asili siigusi, naihifadhi pembeni.

Lakini kuna mahali namba hazisaidii. Bibi akisimulia pilau ya harusi, sauti iko juu. Akifika kwa mtoto aliyemzika, inashuka. Kompresa kali italeta vyote viwili kwa ukubwa mmoja, na msikilizaji hatajua kwamba hapo alinong'ona. Sehemu kama hiyo naipandisha kwa mkono, desibeli 2 au 3, isikike lakini ibaki chini ya mengine.

Na kabla ya hapo kuna swali la kumuuliza mwenyewe: "Bibi, hili liende hewani, au libaki letu?" Huenda alishusha sauti kwa sababu alikuwa anakwambia wewe peke yako.