Kwa Nini Peltier Yako Haipoi

Ndugu wa uhandisi mnaohangaika na mradi wa mwaka wa mwisho, Peltier isiyopoa si lazima iwe imeungua. DRV593, chipu ya Texas Instruments wa hapa hapa Dallas, huweza kuwasha na kuzima umeme mara 500,000 kwa sekunde. Ubaridi hufuata wastani wa mkondo, joto hufuata mraba wake. Mkondo ukirukaruka, joto linakula sehemu ya ubaridi.

Weka koili ya 10 µH na kapasita ya 10 µF. Chujio hilo hukata kwenye kilohezi 16 hivi, na mruko unapungua karibu mara elfu. Koili ihimili zaidi ya ampea 3, ikishiba sumaku inabaki waya tu (zile za bei poa, jamani!). Kapasita ya seramiki nayo hupoteza uwezo ikibanwa na volti, kwa hiyo chukua ya volti 16 hata kama saketi ni ya 5.